Siku ya wenyeji asilia wa Kanada na kiapo chetu

Hotuba iliyotolewa mbele ya familia zinazozungumza Kiswahili mjini Winnipeg, Manitoba, tarehe 21 Juni, na kuandikwa upya kwa ajili ya waliokuwa kazini siku hiyo.

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, na nyinyi watoto mliokaa chini hapo mbele, nawasalimu nyote. Warundi, amahoro. Ndugu zangu wa Kongo, Tanzania, Kenya na Rwanda, karibuni.

Tangu tulipoanza kutangaza mkutano huu kwenye makundi yetu ya simu, nimeulizwa swali moja na watu wengi: sikukuu hii inatuhusu nini sisi? Baba mmoja anayefanya kazi ya usiku kwenye kiwanda cha nyama alinieleza wazi kabisa. Alisema, "Mama, mimi nimezaliwa Fizi, ujana wangu wote umeishia kambini Nyarugusu. Sijamnyang'anya mtu ardhi. Nimeletwa hapa na ndege, na bado nalipa deni la tiketi. Ugomvi wa wazungu na wenyeji wao unanihusu nini?"

Nimelibeba swali hilo kwa heshima, kwa sababu anayeuliza hivyo amekwisha kunyang'anywa mengi maishani mwake, na hapendi kusingiziwa kwamba na yeye ni mnyang'anyi. Leo nataka kumjibu hapa mbele ya wote, na jibu langu linaanzia kwenye kiapo.

Kazi yangu ya mchana ni ukalimani. Jioni nawasaidia watu wanaojiandaa kwa mtihani wa uraia. Tukifika kwenye kiapo, naona kila mtu anahangaika na jina la mfalme: Charles wa Tatu, warithi wake na watakaomfuata. Watu wanalirudia mpaka ulimi unalainika, kwa sababu wanaogopa kulikosea mbele ya jaji. Halafu inakuja sentensi ndefu kuhusu kushika sheria za Kanada, na hapo wanapita mbio. Wengi wenu mliomo humu mmeshaapa, wengine mkiwa ukumbini mmevaa suti, wengine mkiwa sebuleni mbele ya simu iliyoegemezwa kwenye pakiti ya unga. Mliinua mkono mkasema kwamba mtazishika sheria za Kanada, pamoja na Katiba inayozitambua na kuzithibitisha haki za asili na haki za mikataba za Mataifa ya Kwanza, za Wainuit na za Wametis. Hayo ndiyo makundi matatu ya wenyeji asilia wa Kanada. Mmesema. Kila mmoja wenu amesema kwa mdomo wake.

Maneno hayo hayakuwepo kwenye kiapo cha waliotutangulia. Yaliingizwa na sheria iliyoidhinishwa tarehe 21 Juni 2021, siku kama ya leo. Na walioomba yaingizwe walikuwa makamishna wa Tume ya Ukweli na Maridhiano, tume iliyosikiliza watu waliofungiwa utotoni katika shule za bweni za serikali na makanisa. Tume ile ilimaliza kazi mwaka 2015 ikatoa madai 94, na dai la 94, la mwisho kabisa, linatuhusu sisi tunaokuja. Walitaka raia mpya asiingie nchini bila kujua ameingia kwenye makubaliano gani. Mtu aliyepigwa akiwa mtoto kwa kosa la kusema lugha ya mama yake, anapofika uzeeni na kuulizwa nchi imfanyie nini, katika orodha yake anakukumbuka wewe ambaye wakati huo bado uko Kigoma au Kakuma unasubiri usaili. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa.

Sasa, makubaliano yenyewe ni yapi? Hapa tuliposimama ni ardhi ya Mkataba Namba 1. Ulitiwa saini tarehe 3 Agosti 1871 kwenye ngome ya mawe ya Lower Fort Garry, kaskazini ya mji huu, ukifuata mto Red River. Upande mmoja walikaa viongozi wa Waanishinaabe na wa Wakrii wa nchi ya vinamasi, na upande wa pili wajumbe wa Malkia Victoria. Walizungumza kwa siku kadhaa. Mataifa yaliyoingia kwenye mkataba ule leo ni 7: Brokenhead, Long Plain, Peguis, Roseau River, Sagkeeng, Sandy Bay na Swan Lake. Mkiona mabango ya majina hayo barabarani, mjue ndio wenye mkataba wetu.

Kwenye karatasi iliandikwa kwamba kila familia ya watu watano itatengewa ekari 160, itajengwa shule, na kila mtu atapewa dola 3 kwa mwaka. Lakini kwenye mazungumzo yalisemwa mengi zaidi: ng'ombe, majembe ya kukokotwa, nguo. Wenyeji walisikia, wakaweka moyoni, kwa sababu kwao neno la kiongozi lililosemwa hadharani ni mkataba tayari. Karatasi ilipokuja kusomwa, mengi ya hayo hayakuwemo. Walilalamika miaka minne, mpaka mwaka 1875 serikali ikakubali baadhi ya ahadi zile za mdomo na kupandisha malipo kufikia dola 5. Ni dola 5 hadi leo. Kila mwaka watu wa mikataba wanapanga foleni na kupokea noti ya dola 5, na wazee wanaokwenda kuipokea watakwambia kwamba hawaendi kwa sababu ya fedha. Wanakwenda ili serikali isije ikasema mkataba umekufa.

Mkataba una pande mbili. Upande wa kwanza ni wao. Upande wa pili ulikuwa Taji la Uingereza, na leo ni Kanada. Siku unapoapa unakuwa sehemu ya Kanada. Hii nyumba unayopanga, shule wanayosoma watoto, barabara ya Portage unayopita na basi kwenda kazini, vyote viko hapa kwa nguvu ya ule mkataba wa mwaka 1871. Kwa hiyo, baba yangu wa Fizi, hukumnyang'anya mtu ardhi, ni kweli, na hakuna anayekushtaki. Lakini umeingia kwenye mkataba kwa upande wa pili. Umerithi faida yake na umerithi deni lake, kwa wakati mmoja. Deni la tiketi ya ndege utalimaliza. Hili lingine tunalilipa pamoja, na malipo yake ya kwanza ni kuwafahamu tunaodaiana nao.

Nitaje jambo moja ambalo kila mmoja wetu amelishika leo asubuhi. Maji. Maji ya bomba ya Winnipeg yanatoka ziwa Shoal, mpakani mwa Manitoba na Ontario, yanakuja kwa mfereji wa zege wa kilomita kama 150, na yanatiririka yenyewe kwa sababu ziwa liko juu kuliko mji. Mfereji ulianza kuleta maji mwaka 1919. Ni maji matamu, tunayanywa bila kuyachemsha, na wengi wetu siku ya kwanza hatukuamini. Kwenye ziwa hilo wanaishi Waanishinaabe wa jamii iitwayo Shoal Lake 40. Ili mji upate maji safi, kijiji chao kilisukumwa kwenye rasi, halafu ukachimbwa mfereji mwingine uliowakatia njia, wakabaki kisiwani. Kisiwa cha kutengenezwa. Wakati wa baridi walivuka juu ya barafu, na barafu ikiwa nyembamba walikuwa wakizama. Na kuanzia mwaka 1997 waliambiwa wasinywe maji ya bomba zao bila kuyachemsha. Tangazo hilo lilidumu mpaka mwaka 2021. Miaka 24, ndugu zangu. Wanaokaa kwenye chanzo cha maji yetu walikuwa wanategemea maji ya chupa, na sisi kilomita 150 mbali tulikuwa tunaoshea magari.

Sisi tuliopanga madumu kwenye foleni kambini tunajua maana ya maji kupita karibu yako na yasiwe yako. Watu wa Shoal Lake 40 hawakukaa kimya. Walidai barabara kwa miaka mingi, wakaiita Barabara ya Uhuru, na ilifunguliwa mwaka 2019. Mtambo wa kusafisha maji ukafuata, maana malori ya ujenzi sasa yalikuwa na pa kupita.

Wakenya mliomo humu mtakumbuka habari za kipande, kile cheti ambacho babu zetu walilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikebe cha bati, na bila hicho Mwafrika hatoki, haajiriwi. Hapa nako kulikuwa na chake. Baada ya mapigano ya mwaka 1885 kati ya wenyeji na serikali, mwenyeji aliyetaka kutoka kwenye eneo alilotengewa ilimbidi apate karatasi iliyosainiwa na afisa wa serikali, aonyeshe anakwenda wapi na atarudi lini. Hakukuwa na sheria ya bunge iliyoruhusu jambo hilo. Lilifanywa tu. Mama aliyetaka kwenda kumwona mwanawe kwenye shule ya bweni aliomba karatasi, na afisa akikataa, basi.

Ngoma zao zilipigwa marufuku kwa sheria. Karamu kubwa za watu wa pwani ya magharibi, ambako mwenye mali anagawa mali yake mbele ya watu na mambo ya ukoo yanashuhudiwa, zilikuwa kosa la jinai kuanzia mwaka 1885 mpaka 1951. Ibada za ngoma za watu wa nyanda hizi nazo ziliingizwa kwenye marufuku hayo. Kuanzia mwaka 1927 mpaka 1951 ilikuwa kosa hata kuchanga fedha za kumlipa wakili wa kudai ardhi. Na kura ya bunge la taifa, bila sharti la kuachana na haki zao kisheria, watu wa Mataifa ya Kwanza waliipata tarehe 1 Julai 1960. Wakongomani, hesabuni wenyewe: sisi tulipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Kongo ilikuwa na siku moja tayari kama nchi huru wakati mtu wa Mataifa ya Kwanza aliporuhusiwa kupiga kura kwenye nchi ya babu zake.

Za shule sitasema mengi leo, kwa sababu siku ya kuwaomboleza wale watoto ipo, ni tarehe 30 Septemba, na nitawaomba mvae fulana za rangi ya chungwa. Itoshe kusema kwamba zaidi ya watoto 150,000 walipitishwa huko kwa zaidi ya miaka mia moja, mpaka miaka ya 1990, na kwamba kituo kinachotunza kumbukumbu zao kiko hapa hapa mjini, Chuo Kikuu cha Manitoba, na daftari lake lina majina ya watoto zaidi ya 4,000 waliofariki. Shule moja ya namna hiyo ilikuwa hapa Winnipeg, barabara ya Academy, inaitwa Assiniboia, ilifanya kazi kuanzia mwaka 1958 hadi 1973. Waliosoma pale wengine ni wazee mnaokutana nao kwenye basi.

Na jambo hili halijaisha. Katika sensa ya mwaka 2021, watoto wa wenyeji asilia walikuwa asilimia 7.7 ya watoto wote wa Kanada wenye umri chini ya miaka 15. Lakini katika watoto wanaolelewa kwenye familia za kambo za serikali, wao walikuwa asilimia 53.8. Najua humu ndani hakuna mzazi ambaye hajawahi kulala na hofu ya simu kutoka ustawi wa watoto. Wenzetu wameishi na hofu hiyo vizazi na vizazi, na wana mengi ya kutufundisha kuhusu namna ya kuwatetea watoto bila kuwavunja. Bibi mmoja wa Kianishinaabe ndiye aliyekaa na mama mmoja wa kwetu kwenye kikao cha ustawi, kikao baada ya kikao, wakati sisi wenyewe tulikuwa tunaona aibu kuonekana naye. Huyo mama yuko humu, na ameniruhusu niseme hilo.

Nigeukie sasa siku yenyewe, maana nimesema mengi ya machozi na leo ni siku ya kushangilia.

Siku hii ilidaiwa na wenyewe. Mwaka 1982 umoja wa machifu wa Mataifa ya Kwanza uliomba tarehe 21 Juni iwe siku ya mshikamano. Walichagua tarehe hiyo kwa sababu ndio mchana mrefu kuliko yote katika mwaka. Sisi tuliokulia karibu na ikweta, ambako jua linatoka saa kumi na mbili na kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, hatukujua kwamba jua linaweza kuwa na siku yake. Lakini ukishapita Januari moja ya Winnipeg unaelewa haraka kwa nini watu walikusanyika siku hii tangu zamani.

Mtu aliyeisukuma mpaka ikakubaliwa alikuwa wa hapa Manitoba. Elijah Harper, mtoto wa Red Sucker Lake, kaskazini kabisa ambako gari halifiki ila kwa barabara ya barafu. Mwaka 1981 alichaguliwa kuingia bunge la Manitoba. Juni 1990 serikali ya nchi ilikuwa inataka kupitisha makubaliano mapya ya katiba, na wenyeji asilia hawakuulizwa chochote. Sheria za bunge la Manitoba zilitaka wabunge wote wakubali ndipo mjadala uharakishwe. Harper alikaa kwenye kiti chake ameshika unyoya wa tai, na kila alipoulizwa akasema hapana. Siku baada ya siku, hapana. Muda ukaisha, makubaliano yakafa. Hakupiga kelele, hakutukana mtu. Nendeni mkaangalie picha ile. Watoto, nyinyi hasa, iangalieni picha ile. Miaka mitano baadaye, mwaka 1995, aliitisha mkutano mkubwa wa kiroho wa wenyeji na wasio wenyeji, na mkutano ukadai sikukuu ya taifa. Mwaka 1996 Gavana Mkuu Roméo LeBlanc akaitangaza. Jina tunalolitumia sasa, Siku ya Kitaifa ya Wenyeji Asilia, lilikuja mwaka 2017.

Na tangu hapo bunge limekuwa likiirudia tarehe hii. Sheria ya lugha za asili iliidhinishwa tarehe 21 Juni 2019. Sheria ya kulitekeleza Azimio la Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wa asili, tarehe 21 Juni 2021, siku moja na ile ya kiapo chetu.

Hapo kwenye lugha nisimame kidogo. Kanada ina lugha za asili zaidi ya 70. Katika sensa hiyo ya 2021, watu kama 237,000 tu ndio waliosema wanaweza kuzungumza lugha mojawapo. Ninawaona mabinti wa Kikrii, wamezaliwa hapa mjini, wanakwenda jioni kujifunza lugha ambayo bibi zao walipigwa kwa sababu yake. Wanaandika neno kwenye karatasi, wanalibandika kwenye friji, wanalisema vibaya, wanacheka, wanarudia. Baadhi yetu tuliosoma Kenya au Kongo tunakumbuka kile kibao tulichopewa darasani tukikamatwa tunasema lugha ya nyumbani, na tukakizungusha kwa wenzetu mpaka jioni. Tunajua fimbo ile. Sasa hapa hakuna anayetupiga, na bado mtoto akikujibu kwa Kiingereza unafurahi kwamba ameendelea. Wazazi wenzangu, semeni nao Kiswahili. Semeni nao Kibembe, Kifuliiru, Kirundi. Wale mabinti wanakitafuta kwa taabu kile ambacho sisi bado tunacho mdomoni.

Na kwa kuwa tumekaa kama familia, niseme na hili ambalo halipendezi. Tunapowahurumia wenyeji wa Kanada, tusisahau kwamba na sisi kwetu tumeacha watu waliotangulia kukaa kwenye ardhi ile. Nazungumzia Batwa. Miaka ya 1970 walifukuzwa kwenye msitu wa Kahuzi-Biega, mashariki ya Kongo, ili ipatikane hifadhi ya gorila, wakabaki pembezoni mwa mashamba ya wengine, vibarua wasio na kiwanja. Vijijini kwetu kulikuwa na watu wasiokubali kunywa na Mtwa kwenye chombo kimoja. Mliomo humu mnajua nasema kweli. Nimewaalika leo ndugu zetu Batwa wanaoishi mji huu, wamekuja, wako pale kushoto. Karibuni sana. Siku hii ni yenu kuliko ilivyo yetu, na ningependa mwakani mmoja wenu ndiye asimame hapa.

Mchana huu tunakwenda The Forks, pale mto Assiniboine unapoingia Red River. Watu wamekuwa wakikutana pale kwa miaka isiyopungua 6,000, kuvua, kubadilishana bidhaa, kuozesha watoto, kumaliza ugomvi. Nanyi mtakwenda kukutana pale.

Mtaona ngoma. Nawaomba muitazame hasa ngoma ya magauni yanayolia. Gauni limeshonwa vipande vya bati vilivyokunjwa kama pembe ndogo, safu kwa safu, mamia, na zamani vilikuwa vifuniko vya makopo ya tumbaku. Msichana akipiga hatua, gauni zima linalia kama njuga. Waanishinaabe wanasimulia kwamba ngoma hii ilianza wakati wa homa kuu ya mwaka 1918. Kulikuwa na binti mgonjwa sana, na baba yake akaota lile gauni na hatua zake. Alipoamka likashonwa, binti akavalishwa, akaanza kucheza taratibu huku ameshikiliwa, mwisho akacheza peke yake. Ndiyo maana ni ngoma ya uponyaji. Mchezaji hanyanyui miguu juu sana, anaiweka karibu na ardhi. Akifika kwenye mapigo mazito ya ngoma, anainua upepeo wa manyoya. Angalieni nyayo zao, na msikilize. Msiitazame kupitia simu tu.

Adabu za pale ni chache, na sisi watu wa heshima hazitatushinda. Wachezaji wakiingia kwa maandamano ya kwanza, wote tunasimama na kofia tunavua. Yale ni mavazi yao ya heshima, mengine yameshonwa na bibi aliyekwisha kufariki. Usiyashike, usimwombe mtoto wako apigwe picha amevaa. Ukitaka kupiga picha ya mtu, muombe kwanza. Unyoya wa tai ukianguka chini, kila kitu kinasimama mpaka uokotwe kwa taratibu zake, na hapo simu zinakaa mfukoni. Na mtangazaji akisema sasa ni ngoma ya mataifa yote, ni kweli ametuita. Ingieni uwanjani. Nimeona miaka iliyopita watu wetu wamebaki kwenye viti wanaona haya, watu ambao harusini hawaketi. Kuna mikate ya kukaangwa pia, watoto wataipenda, inakaribia sana maandazi ya bibi zao.

Jambo langu la mwisho. Wengi hamkuja leo na wengine mmekuja mkiwa mmeomba ruhusa bila malipo, kwa sababu kwa Manitoba tarehe 21 Juni si siku ya mapumziko yenye mshahara. Maeneo ya Kaskazini-Magharibi walianza kuipa hadhi hiyo mwaka 2001, Yukon wakafuata mwaka 2017, Nunavut mwaka 2022. Majimbo ya kusini, ambako wenyeji wengi zaidi wanaishi, bado. Manitoba ina waziri mkuu kutoka Mataifa ya Kwanza, Wab Kinew, wa kwanza wa aina yake kuongoza jimbo la Kanada. Mji huu una wenyeji asilia wengi kuliko mji mwingine wowote mkubwa wa nchi hii. Kama kuna mahali ambapo kina mama wanaosafisha hoteli na kina baba wa viwandani, wenyeji na wageni, wangepaswa kupumzika pamoja siku hii, ni hapa.

Tumeandika barua kwa wabunge wa jimbo. Ni fupi, ukurasa mmoja, iko kwa Kiingereza na tumeweka tafsiri ya Kiswahili nyuma ili kila mtu ajue anachosaini. Haiombi chochote kwa ajili yetu. Inasema kwamba sisi ni raia na wakazi wa ardhi ya Mkataba Namba 1, tumeapa au tunajiandaa kuapa kwamba tutaziheshimu haki za mkataba huo, na tunataka siku ya wenzetu iheshimiwe kama zinavyoheshimiwa sikukuu nyingine. Viongozi wa kituo cha wenyeji cha mtaa wetu wameisoma kabla yenu, wakarekebisha sentensi mbili, nasi tumezifuata kama walivyosema.

Barua ziko kwenye meza ya chai. Andika jina lako kamili na namba ya posta ya nyumbani, kwa sababu mbunge anaangalia kwanza kama unaishi kwenye eneo lake. Ambao hawajapata uraia nao wasaini, hairuhusiwi kuwakatalia. Mabasi ya kwenda The Forks yanaondoka saa saba kamili, akina mama wenye watoto wachanga wapande la kwanza. Asanteni sana kwa kunisikiliza.